Rehani Haimjui Wakala

Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya wenye nyumba za kupangisha na wapangaji wao. Yamechapwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Jambo tulilokuja kulizungumza leo huletwa ofisini mwetu kwa sauti ya chini. Mtu huingia, huketi, huweka bahasha mezani, na kabla ya kuifungua hutueleza kwamba aliwahi kufilisika. Husema hivyo kama mtu anayeungama kosa. Tungependa kuanzia hapo. Kufilisika kwa amri ya mahakama si jinai, wala si hukumu juu ya tabia ya mtu. Ni njia iliyowekwa na Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 ili mtu aliyeelemewa na madeni, pamoja na wale wanaomdai, wafikie mwisho wa jambo lao kwa utaratibu. Yeyote aliye hapa na aliyepitia njia hiyo, na aketi kwa raha. Tuliyo nayo leo yanamhusu, na hayamtwezi.

Mara nyingi bahasha ile huwa na barua ya benki. Nyumba ambayo mwenyewe alidhani inalipiwa kila mwezi haijalipiwa kwa miezi minne. Wapangaji wametoa kodi. Wakala ameipokea. Benki haijaona hata shilingi moja.

Tuchukue mfano, ili maneno yetu yasielee hewani. Tuseme kuna mama ambaye duka lake la vifaa vya ujenzi lilianguka, akatangazwa na mahakama kuwa amefilisika. Ana nyumba ya kupangisha mjini Nakuru, iliyowekwa rehani kwa benki. Msimamizi wa ufilisi aliipima nyumba hiyo akaona kwamba ikiuzwa, karibu bei yote itakwenda kwa benki na wadai wengine hawatapata kitu. Kwa hiyo akaiacha, kwa makubaliano kwamba kodi iendelee kulipia mkopo. Mama akahamia Kisumu kwa binti yake, na kazi yote akaikabidhi kwa wakala wa nyumba. Kodi ni shilingi 45,000 kwa mwezi. Wakala huchukua asilimia 10, yaani shilingi 4,500. Zinabaki 40,500. Kutoka hizo, shilingi 38,000 ziende benki, na 2,500 ziwe akiba ya matengenezo. Hesabu inatosha, ingawa kwa shida.

Sasa wakala anyamaze kwa miezi minne. Amekusanya shilingi 180,000. Hata akiondoa ujira wake wa 18,000, mikononi mwake zimo 162,000. Benki inadai malimbikizo ya 152,000, pamoja na riba ya kuchelewa. Mama akipiga simu huambiwa, "Nimeshapeleka, ni mtandao wa benki tu unaosumbua." Naye, kwa kuwa amechoshwa na habari za madeni, hupenda kuamini.

Hapa ndipo tunapoomba msikilize kwa makini, kwa sababu mambo matatu huchanganywa na kuwa moja, na mchanganyiko huo ndio unaopoteza nyumba.

La kwanza ni deni la mtu binafsi. Sheria inasema kwamba aliyefilisika huachiliwa moja kwa moja baada ya miaka 3 tangu alipowasilisha maelezo ya hali yake ya kifedha, ikiwa hakuna pingamizi. Akiachiliwa, huwa huru na madeni yale yaliyoingia katika ufilisi wake, isipokuwa machache, kama vile deni lililotokana na ulaghai.

La pili ni rehani. Rehani ni haki ya benki juu ya nyumba yenyewe. Ufilisi hauifuti, wala kuachiliwa hakuifuti. Mwenye rehani anaruhusiwa kusimama kando ya wadai wengine na kuitegemea nyumba yake. Wengi hutuambia, "Lakini mimi niliachiliwa madeni yote." Ni kweli, ninyi mliachiliwa. Nyumba haikuachiliwa.

La tatu ni wakala. Huyu ni mtumishi wenu. Mbele ya benki, fedha iliyomo mfukoni mwa wakala ni fedha ambayo haijalipwa. Benki haina mkataba naye. Haijui jina lake, na hata ikilijua, hailazimiki kumngoja. Kwa hiyo ugomvi wenu na wakala, hata uwe wa haki kiasi gani, hausimamishi hesabu ya siku za benki. Hilo ndilo neno moja ambalo tungetaka kila mmoja aondoke nalo hapa. Yako mashauri mawili, na yanakwenda kwa kasi mbili tofauti. Shughulikieni la benki kwanza.

Siku hizo za benki zinahesabiwaje? Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaeleza. Mkopaji akishindwa kulipa, na hali hiyo ikaendelea kwa mwezi 1, benki yaweza kumpa ilani ya maandishi. Ilani hiyo lazima itaje kiasi kinachotakiwa kulipwa ili kosa lirekebishwe, na impe muda usiopungua siku 90. Lazima pia imweleze yatakayofuata asipolipa, na haki yake ya kwenda mahakamani. Siku 90 zikipita bila malipo, benki ina njia kadhaa: kushtaki, kuweka mpokeaji wa mapato ya nyumba, kuipangisha, kuimiliki, au kuiuza. Ikitaka kuuza, itoe ilani nyingine ya kuuza, yenye muda usiopungua siku 40. Nakala ya ilani hii ya pili wanapaswa kupewa pia wengine wanaohusika, wakiwemo mume au mke wa mwenye nyumba, mdhamini wa mkopo na mpangaji. Dalali wa mnada naye, kwa kanuni zake za mwaka 1997, hutoa ilani ya siku zisizopungua 45, na mnada haufanyiki kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza gazetini.

Msizijumlishe siku hizo zote mkajiona mna nafasi kubwa. Baadhi ya ilani hizi zaweza kwenda pamoja, na gharama za dalali na za mawakili huongezwa juu ya deni. Sisi huwashauri watu wahesabu siku 90 za kwanza tu kuwa ndizo zao. Ndani ya siku hizo, kinachotakiwa ni malimbikizo. Zikishapita, benki yaweza kudai mkopo mzima. Mama wa mfano wetu, akiisoma barua siku ya 12, anatafuta shilingi 152,000 na riba yake. Akiisoma siku ya 120, huenda anatafuta bei ya nyumba.

Na kwa nini aisome siku ya 120? Kwa sababu ya anwani. Hili tumeliona likiwaangusha watu waangalifu. Ilani hutumwa kwa rejista kwenye anwani iliyomo katika hati ya rehani au iliyojulikana mwisho na benki, na mara nyingi mahakama zetu zimeridhika na ushahidi kwamba ilitumwa huko. Mwenye nyumba amehama, sanduku lake la posta amelifunga, au, vibaya zaidi, aliiambia benki itumie sanduku la wakala kwa sababu "yeye ndiye anayeshughulikia." Basi barua ya kumshtaki wakala hufika mikononi mwa wakala. Hakuna anayepaswa kushangaa isipomfikia mwenyewe.

Sasa, mtu afanye nini siku anapogundua?

Siku hiyohiyo, aiandikie benki au aende mwenyewe kwenye tawi lake. Aombe taarifa kamili ya akaunti ya mkopo, aulize malimbikizo ni kiasi gani na kama ilani yoyote imetolewa, na kwa tarehe ipi. Aache anwani yake ya sasa, nambari ya simu na barua pepe, na aombe nakala ya barua yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Msikubali jibu la mdomo. Karani aliyewahakikishia kwa upole leo huenda amehamishwa kesho, nayo faili haina kumbukumbu ya upole wake.

Pili, ageuze mkondo wa kodi. Amwandikie wakala barua ya kumwondolea mamlaka ya kupokea fedha, na awaandikie wapangaji wote kwamba kuanzia tarehe fulani kodi ilipwe moja kwa moja katika akaunti ya mkopo, kwa nambari ya malipo ya benki, na risiti iletwe kwake. Barua kwa wapangaji ni muhimu kama ile ya wakala. Mpangaji aliyemlipa wakala kabla ya kuarifiwa amelipa kihalali, na hawezi kudaiwa mara ya pili. Tunasema hili kwa sababu tumewaona wenye nyumba wakiwafungia milango wapangaji ambao risiti zao ziko kamili. Mpangaji huyo hakukosa, na zaidi ya hayo, risiti zake ndizo ushahidi mtakaouhitaji.

Tatu, alete benki pendekezo linalolipika. Tuseme mama ana shilingi 40,000 za akiba na binti yake ana 30,000. Alipe hizo 70,000 sasa, moja kwa moja benki, na aombe zile 82,000 zilizobaki zigawanywe kwa miezi kadhaa juu ya malipo ya kawaida. Benki hailazimiki kukubali, lakini pendekezo lenye fedha mkononi na kodi iliyokwisha kuelekezwa kwake husikilizwa zaidi kuliko malalamiko juu ya wakala. Benki ikikataa kujibu, ina wajibu wa kuwa na utaratibu wa malalamiko. Utumieni kwa maandishi, na msipopata jibu peleka shauri Benki Kuu ya Kenya.

Nne, ikiwa bado hajaachiliwa kutoka ufilisi, amwarifu msimamizi wa ufilisi kabla ya kutenda lolote kati ya haya. Katika kipindi hicho mali yake iko chini ya mamlaka ya msimamizi, na hata haki ya kumdai wakala yaweza kuwa ya msimamizi, si yake. Simu moja na barua moja vitamwepusha kuonekana kwamba anaficha mapato. Kama hamjui msimamizi wenu ni nani, ulizeni katika ofisi ya Mpokeaji Rasmi.

Tano, asitie sahihi asichokielewa. Katika hali hii, benki yaweza kuleta mkataba mpya wa kupanga upya mkopo. Huenda ukawa msaada wa kweli. Lakini deni jipya lililowekewa sahihi baada ya amri ya ufilisi si lile la zamani, na kuachiliwa kwa ufilisi hakuligusi. Mtu aliyekuwa amebaki na hatari ya kupoteza nyumba peke yake anaweza, kwa sahihi moja, kurudia hatari ya kudaiwa yeye binafsi. Ulizeni swali hili kwa maneno haya haya: "Nikitia sahihi na nyumba ikauzwa kwa bei isiyotosha, nitadaiwa kilichopungua?" Ombeni jibu kwa maandishi, na mwonyesheni wakili kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Tukishaituliza benki, turudi kwa wakala.

Mwandikieni barua ya madai yenye hesabu: kodi iliyopokelewa kila mwezi, ujira wake halali, kiasi alichopaswa kupeleka, na tarehe ya mwisho ya kukirudisha. Ambatanisheni nakala za risiti za wapangaji na taarifa ya akaunti ya mkopo. Wahenga walituonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tunaona ukweli wake kila wiki: mwenye daftari hupata wa kumsikiliza, na asiye nalo husimulia.

Asiporudisha, zipo njia tatu, nazo hazizuiliani. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya fedha iliyopokewa na mtu kwa niaba ya mwingine; shauri limekusudiwa kwisha ndani ya siku 60, na mdai anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Madai ya shilingi 162,000 yanaingia humo bila shida. Njia ya pili ni Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba. Kwa Sheria ya Mawakala wa Nyumba, anayefanya kazi hiyo lazima awe amesajiliwa. Aliyesajiliwa anaweza kulalamikiwa kwa mwenendo wake, na asiyesajiliwa anatenda kosa kwa kufanya kazi hiyo. Njia ya tatu ni polisi, kwa maana wizi unaofanywa na wakala juu ya mali aliyokabidhiwa unatajwa waziwazi katika Kanuni ya Adhabu. Hatusemi kila wakala aliyechelewa ni mwizi. Wengine wamezidiwa, wengine wana vitabu vibovu. Tunasema tu kwamba sababu yake, iwe ipi, si juu yenu kuilipia kwa nyumba.

Na ikiwa wakala naye amefilisika? Hili hutokea. Fedha aliyoishika kwa ajili yenu, ikiwa imewekwa kando na inatambulika, si mali yake na haipaswi kugawiwa wadai wake. Ikiwa ameichanganya na yake, mtasimama mlangoni pamoja na wadai wengine. Ndiyo maana akaunti ya pekee ya fedha za wateja ni swali la kuuliza siku ya kumwajiri, si siku ya msiba.

Inafaa pia mjue kinga mlizo nazo ikiwa jambo limekwisha kufika mbali. Benki inayouza ina wajibu wa kutafuta bei bora inayoweza kupatikana, na lazima nyumba ithaminiwe kabla ya kuuzwa. Ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria huichukulia benki kuwa imevunja wajibu huo hadi ithibitishe vinginevyo. Chini ya Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, mkopo ukishaacha kulipwa kiasi cha kuhesabiwa kuwa mkopo mbaya, riba inayoweza kudaiwa kuanzia hapo haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwapo wakati huo. Mnaweza kulipa na kuikomboa nyumba kabla ya mkataba wa kuiuza kufungwa, yaani kabla nyundo ya dalali haijashuka. Lakini ikishashuka, mnunuzi hulindwa, na kwa kawaida mnachoweza kudai ni fidia. Mtu anayekwenda mahakamani na aende kabla ya mnada. Na mtu anayewaahidi kwamba atausimamisha mnada kwa ada ya siri, mwepukeni.

Lipo jingine ambalo si tamu kulisema. Pengine hesabu haitoshi tena. Kodi imeshuka, nyumba inahitaji paa, na malimbikizo hayafikiki. Hapo si aibu kuiomba benki ruhusa ya kuiuza nyumba wenyewe, kwa mnunuzi wenu. Nyumba iliyouzwa kwa utulivu mara nyingi huleta zaidi ya iliyonadiwa, na kilichozidi deni hurudi kwa anayestahili. Mtu aliyekwisha kufilisika mara moja huogopa kuonekana ameshindwa mara ya pili. Lakini kuachia kwa mpango si kushindwa. Ni kuchagua siku yake mwenyewe.

Kwa wale ambao bado hawajafikwa, usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu huzibwa kwa mambo manne mepesi. Kodi iingie kwanza katika akaunti ya mkopo, na wakala alipwe ujira wake baada ya hapo. Fedha ya rehani isipite mikononi mwa mtu. Taarifa ya akaunti ya mkopo mwiombe ninyi wenyewe kila mwezi, kutoka benki, si kutoka kwa wakala. Anwani iliyoko benki iwe yenu. Na mara moja kwa mwaka, chukueni ripoti yenu ya mikopo kutoka shirika la kumbukumbu za mikopo; moja kwa mwaka ni bure, nayo hufichua mapema deni ambalo hakuna aliyewaambia.

Mamlaka yetu haiwezi kuifuta rehani, wala kumlazimisha hakimu. Tunaweza kuisoma barua pamoja nanyi, kuwaonyesha tarehe iliyo na uzito, na kuwaelekeza mlango wa kubisha. Hilo tunalifanya bila malipo, na hatuulizi mtu amefilisika mara ngapi. Tunachoomba ni kimoja: bahasha ikifika, ifungueni siku hiyohiyo. Wengi waliozipoteza nyumba zao, ukifuata habari zao hadi mwanzo, hukuta barua iliyokaa juu ya kabati ikingoja mtu apate nguvu ya kuisoma.